Kalamu ya Biro na Sahihi ya Mfanyakazi

Ndugu mfanyakazi, kabla hujaendelea kusoma, toa kalamu yako mfukoni uitazame. Uwe mpakia mizigo wa Malaba, mkata miwa, mvunja mawe wa Tororo au mchimba dhahabu wa huku Buteba, waijua vizuri: kijiti cha plastiki ing'aayo chenye pembe sita, kifuniko cha rangi ya buluu, na ncha ya madini yenye nukta ndogo mwishoni. Mashine unayoiendesha kiwandani ulionyeshwa namna ya kuiwasha na namna ya kuizima. Panga ulijifunza kulinoa. Lakini kalamu, ambayo ndiyo chombo unachoshika siku ya kuandikishwa kazi na siku ya kupokea hesabu yako ya mwisho, hakuna aliyetuketisha chini akatueleza jinsi ilivyoundwa na kwa sababu gani.

Ukurasa huu leo twautoa kwa kalamu, na hatufanyi hivyo kwa mchezo. Kila tundu na kila pembe ya kalamu ile iliwekwa na mtu aliyekuwa na shida ya kutatua. Tena mfanyakazi anayejua wino wake unavyokaa katika karatasi si rahisi kubadilishiwa maandishi baada ya kutia sahihi.

Wazee wetu waliifahamu kalamu kutoka upande mbaya. Katika Kenya ya wakoloni, sheria ya kuandikisha Waafrika ilianza kutekelezwa mwaka 1919 na 1920, na kila mwanamume mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alilazimika kutembea na kipande. Wengi walikitia katika kisanduku kidogo cha bati na kukining'iniza shingoni kama kengele ya mbuzi. Katika kipande hicho tajiri aliandika siku ya kumwajiri mtu, mshahara wake, na siku ya kumwachilia. Kama tajiri hakutia sahihi ya kumwachilia, mtu yule hakuweza kupata kazi kwingine, na akiondoka alihesabiwa kuwa mtoro na kutafutwa na polisi. Mfanyakazi alitoa alama ya vidole. Tajiri alishika kalamu. Mambo ya kipande yalikwisha mwishoni mwa miaka ya 1940 baada ya malalamiko mengi.

Yafaa kukumbuka kwamba kalamu ya siku zile haikuwa kitu cha kutia mfukoni. Ilikuwa ncha ya chuma iliyochovywa katika kidau cha wino, au ile ya kujaza wino ndani, iliyokuwa ghali na iliyovuja. Hata mfanyakazi aliyesoma shule ya misheni hakuweza kwenda nayo shambani. Kalamu ilikaa ofisini, mezani, pamoja na karani. Aliyetaka kuandika jambo lake mwenyewe alitumia penseli.

Kalamu tuliyo nayo leo ilitokea mbali na kwa njia ndefu. Mwaka 1888 Mmarekani mmoja aitwaye John Loud, mtu wa kazi ya ngozi, aliandikisha serikalini uvumbuzi wa kalamu yenye gololi badala ya ncha. Shida yake ilikuwa ya kiwandani kabisa: alitaka kutia alama juu ya ngozi ngumu, ambapo kalamu ya kawaida ilikwama na kurusha wino. Kalamu yake iliandika juu ya ngozi lakini haikufaa kwa barua, na ikasahauliwa.

Miaka 50 baadaye, huko Hungaria, mwandishi wa habari László Bíró aliona kwamba wino wa mitambo ya kupiga chapa magazeti hukauka upesi na haupakazi, lakini ni mzito mno kupita katika ncha ya kalamu ya kawaida. Ndugu yake György alikuwa mjuzi wa kemia. Pamoja walitengeneza wino mzito na kutafuta gololi ya kuusambaza. Waliandikisha uvumbuzi wao mwaka 1938, kisha wakakimbia Ulaya kwa sababu ya mateso waliyofanyiwa Wayahudi, wakaishia Argentina, ambako waliandikisha tena mwaka 1943. Jeshi la anga la Uingereza liliichukua kalamu hiyo upesi, kwa kuwa kalamu za kujaza wino zilivuja ndege ilipopanda juu. Jina lao ndilo hilo tunalotamka kila siku tunaposema biro.

Mwanzoni haikuwa kalamu ya maskini. Ilipouzwa New York mwezi wa Oktoba 1945, moja ilikuwa dola 12.50, bei iliyozidi kwa mbali mshahara wa mwezi wa kibarua wa shamba katika Afrika Mashariki wakati ule. Aliyeishusha ni Marcel Bich wa Ufaransa. Alinunua haki ya kutumia uvumbuzi wa Bíró, akatafuta mashine za kukata madini kwa usahihi mkubwa, na mwezi wa Desemba 1950 akatoa kalamu ya plastiki ya kutumia na kutupa. Aliondoa herufi ya mwisho ya jina lake, ikawa BIC. Umbo la kalamu ile, isipokuwa mambo machache, ndilo ulilolishika mkononi sasa.

Tuanze na ncha, kwa maana ndiko kazi ilikolala. Fundi yeyote wa mashine anaijua beringi: gololi za chuma zinazozunguka ndani ya kikombe chao, zikilainishwa na grisi. Kalamu ni beringi ya gololi moja. Katika kalamu ya kawaida gololi hiyo ina upana wa milimita 1 tu, nayo imekaa ndani ya kikombe cha shaba ya manjano ambacho midomo yake imekunjwa kidogo ili isidondoke. Nafasi kati ya gololi na kikombe ni nyembamba sana. Ikizidi, wino unamwagika. Ikipungua, gololi haizunguki. Unapoandika, karatasi yenyewe ndiyo inayoizungusha gololi, upande mmoja unachota wino kutoka ndani na upande wa pili unaubandika nje. Wino ule ule ndio grisi yake.

Sasa, gololi ile si ya chuma cha kawaida. Hapo kwanza ilikuwa chuma kisichoshika kutu, lakini tangu mwaka 1961 BIC walianza kutumia kabidi ya tungsteni, madini magumu yanayotengenezwa kwa unga unaoshindiliwa na kuchomwa kwa moto mkali mpaka ushikamane. Wavunja mawe wa Tororo, hamna haja ya kuelezwa zaidi! Ncha ya keekee mnayotobolea mwamba kabla ya kutia baruti imetiwa madini ya namna hiyo hiyo. Kitu kinachotoboa mlima kwa ajili ya saruji ndicho kinachoandika jina la mtoto wako katika daftari. Kinatakiwa kiwe kigumu kwa sababu karatasi, ijapokuwa laini mkononi, husugua kama msasa. Biro moja nzuri huandika mstari wa zaidi ya kilomita 2 kabla ya wino kwisha, na gololi ya madini laini ingekuwa imelika na kuyumba kabla ya mwendo huo.

Kwa kuwa ni beringi, ina adui wale wale wa beringi. Vumbi la saruji likiingia mdomoni mwa kikombe, gololi inakwama. Karatasi yenye mafuta ya mikono au grisi ya mashine inateleza chini ya gololi bila kuizungusha, na ndiyo maana sahihi yako hukatika katikati unapoandika juu ya karatasi iliyopita gereji. Wengi wetu kalamu ikigoma huichoma kwa njiti ya kiberiti. Tabia hii tungependa iachwe, kwani plastiki hulainika na kikombe kulegea, halafu kalamu inatapika wino katika shati. Afadhali kuipangusa kwa kitambaa safi na kuizungusha mara kadhaa juu ya soli ya mpira ya kiatu. Mpira unaishika gololi kuliko karatasi.

Tazama ubavuni. Katikati ya kijiti utaona tundu dogo kama lililotobolewa kwa sindano. Wapo wanaodhani ni kasoro ya kiwanda, na watoto huliziba kwa utomvu. Mama anayefungua kopo la maziwa anajua kazi yake. Akitoboa tundu moja, maziwa yanatoka kwa kusitasita, kisha yanakoma. Akitoboa la pili upande mwingine, hewa inaingia na maziwa yanamiminika. Wino ndani ya mrija unaposhuka unaacha nafasi juu yake, na nafasi hiyo lazima ijazwe na hewa. Tundu la ubavuni ndilo mlango wa hewa. Pia linafanya mgandamizo wa hewa ndani ya kijiti uwe sawa na wa nje, hata kalamu inapopandishwa kutoka bonde la joto hadi mashamba ya chai ya milimani.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali ambalo makarani wa mizigo hutuuliza sana. Pale Malaba na Busia karani husimama kando ya lori, akabandika karatasi ubavuni mwa gari, na kuhesabu magunia. Baada ya mistari michache kalamu inakauka, ijapokuwa wino unaonekana umejaa. Kalamu haina ubaya. Wino huifikia gololi kwa uzito wake wenyewe, kwa hiyo kalamu lazima iinamie chini. Ukiandika ukutani ncha inaelekea juu, wino unarudi nyuma, hewa inaingia penye gololi. Wamarekani waliokwenda mwezini walitumia kalamu ambayo wino wake unasukumwa na gesi iliyofungiwa ndani. Sisi tusio na safari hiyo tutafute kipande cha ubao cha kuegemeza karatasi mkononi, na kampuni inayotaka hesabu safi ya magunia ndiyo inayopaswa kumpa karani ubao huo.

Pembe sita hazihitaji maneno mengi. Zimeigwa kwa penseli: kalamu haibingiriki juu ya meza iliyoinama, na vidole vitatu vinapata mahali pa kukaa. Plastiki inayoona ndani ni ya kukuonyesha wino uliobaki. Kiziba cha nyuma na kifuniko ni vya rangi ya wino, ili usichukue nyekundu ukidhani ni nyeusi.

Kifuniko hakina budi kusemwa kwa kirefu zaidi, kwani kinahusu uhai. Katika BIC na kalamu nyingi nyingine utaona kwamba kifuniko kina tundu juu. Watu wengi husema ni la kuzuia wino usikauke. Sivyo, wino wa biro ni mzito na haukauki upesi hata kalamu ikiachwa wazi. Tundu liliongezwa mwaka 1991 kwa sababu watoto, na watu wazima pia, hutafuna vifuniko, na kifuniko kikimezwa vibaya huziba koo kama kizibo cha chupa. Kikiwa na tundu, hewa kidogo hupita, na aliyepaliwa anaweza kuendelea kuvuta pumzi akikimbizwa hospitali. Siku hizi kuna kanuni za kimataifa zinazotaka vifuniko vya kalamu zinazoweza kutumiwa na watoto viwe vikubwa visivyoweza kumezwa, au vyenye kupitisha hewa. Mzazi mwenzetu, unaponunua kalamu za bei rahisi kando ya barabara, angalia tundu hilo. Pasipo na tundu, kifuniko kitupe kabla kalamu haijaingia katika mkoba wa mtoto. Na wewe unayeendesha mashine huku umeuma kifuniko kati ya meno, fikiri siku utakaposhtuliwa na kelele.

Tusisahau kwamba kalamu hizi nazo ni jasho la wafanyakazi. Kwa miaka mingi BIC zilitengenezwa Nairobi na kampuni ya Haco kwa kibali, mpaka mwisho wa mwaka 2018 BIC wenyewe walipoinunua kazi hiyo na kiwanda chake cha Kasarani. Upande wa Uganda, Nice House of Plastics, kampuni ya marehemu James Mulwana, imetoa kalamu ambazo wanafunzi wengi wamekulia nazo. Kwa hiyo kalamu inayoandika katika lango la mpaka yaweza kuwa imepita lango hilo hilo ndani ya katoni. Tungefurahi kupata barua kutoka kwa wenzetu wanaosimamia mashine za kuyeyusha plastiki, watueleze kazi yao inavyokwenda. Wao wanaijua kalamu kuliko sisi.

Sasa twende kwenye karatasi yenyewe. Wino wa biro ni rangi iliyochanganywa na mafuta. Unapoandika, mafuta yanazama katika nyuzi za karatasi pamoja na rangi. Zaidi ya hayo, kwa kuwa unakandamiza, gololi inachimba mfereji mdogo katika karatasi. Kwa sababu ya kukandamiza huko biro iliingia ofisini kwa nguvu: ncha ya kalamu ya zamani ilikunjika ikikandamizwa, bali gololi hupitisha maandishi mpaka nakala ya pili na ya tatu. Ile mizigo ya karatasi nyeupe, ya waridi na ya manjano ambayo madereva hubeba haikuweza kuandikwa vizuri kwa kalamu ya kuchovya.

Hatusemi biro haifutiki kabisa. Wahalifu wana dawa zao. Lakini dawa huacha doa, na mfereji hubaki. Ukishuku kwamba tarakimu imebadilishwa, ingia katika chumba chenye giza, lala karatasi mezani, na umulike kwa tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Mifereji itatoa vivuli. Fanya hivyo hivyo kwa ukurasa uliokuwa chini yake katika daftari, maana mara nyingi alama hupenya.

Penseli ni jambo jingine. Katika mashamba bado kuna makarani wa mizani wanaoandika kilo kwa penseli, wakisema wataandika upya kwa wino jioni. Kati ya mizani na jioni kuna saa nyingi. Tunashauri kila mwenye kupima mazao yake awe na kijidaftari na biro yake, aandike tarehe na kilo pale pale, na amwombe karani atie sahihi fupi kando. Haichukui hata dakika moja.

Ipo kalamu ya tatu, ngeni kidogo, ambayo wawakilishi wa chama hawana budi kuijua. Tangu mwaka 2006 kampuni ya Pilot ya Japani imeuza kalamu ambayo wino wake hupotea kwa joto. Nyuma ina kipira kigumu. Ukisugua maandishi, joto la kusugua likifika kiasi cha nyuzi 60 rangi inatoweka na karatasi inabaki nyeupe. Sasa zipo na za makampuni mengine. Kwa mwanafunzi wa hesabu ni kitu kizuri. Kwa mkataba ni hatari, na watengenezaji wenyewe wanaonya isitumike kutia sahihi katika hati. Karatasi iliyoandikwa kwa wino huo ikiachwa juu ya dashibodi ya gari lililofungwa juani, inaweza kufutika bila mkono wa mtu. Mtu mwenye nia mbaya atafuta tarakimu na kuacha sahihi yako, uliyoiandika kwa biro yako, ikiwa imara chini ya jambo jipya.

Sheria zinakupa nafasi ya kujilinda. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na asiyejua kusoma au asiyeijua lugha ya mkataba aelezwe kwa lugha anayoifahamu kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Nchini Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu kuanza. Nchi zote mbili zinataka upewe hati inayoonyesha mshahara na makato. Ijapokuwa siku hizi mishahara mingi hupita katika simu, hati hizi bado hutiwa sahihi kwa mkono.

Kwa hiyo unapoitwa ofisini, nenda na biro yako ya kawaida, nyeusi au ya buluu. Mbele ya kila tarakimu usiache nafasi ya kuingiza tarakimu nyingine. Penye nafasi tupu piga mstari. Kama hati imeandikwa kwa mkono na huiamini kalamu iliyotumika, omba karani aandike neno moja katika karatasi mbovu kwa kalamu ile ile, kisha lisugue kwa nguvu kwa nyuma ya kalamu, au liweke juu ya kikombe cha chai ya moto. Likififia, omba hati iandikwe upya. Chukua nakala yako, au ipige picha kwa simu kabla haijatoka mikononi mwako.

Na ikiwa imekwisha kutokea, yaani karatasi uliyoiona imejazwa sasa ni tupu, usiitupe wala usikubali itupwe. Wino ule unaofutika kwa joto hurudi kwa baridi kali, kuanzia nyuzi 10 chini ya sifuri kushuka. Itie katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, umpelekee mwakilishi wa chama, na mtafute duka lenye friza ya kugandishia samaki. Iacheni humo usiku kucha, na asubuhi muitazame mbele ya mashahidi wawili.